Mpandikizaji wa Dalili

Restuta hakuwa na uso wa kutunzia siri, na hilo alilijua mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Akiwa na furaha anacheka hadi masikio. Akiwa na wasiwasi anajikuna shingo mpaka inavimba. Ndiyo maana kura ilipomwangukia mwezi wa Machi wenzake walipiga meza kwa vicheko. Firoz, fundi wao wa kompyuta, akasema safari hii hakuna haja ya kuchambua kitu, watakaa tu wamwangalie Restuta shingo.

Kura yenyewe ilikuwa ya kumpata mpandikizaji, na hapa itabidi msomaji anivumilie kidogo, maana bila kulielewa hili mengine yote yatakuwa kelele.

Kazi yao, pale ghorofa ya nne ya jengo moja la chuo karibu na stesheni ya Euston, huko kwa Waingereza, ilikuwa kutafuta dalili za uhai kwenye sayari ambazo hakuna mguu wa mtu utakaozikanyaga. Hawakuchungulia kwenye darubini, kama watu wa kanisani kwa Restuta walivyodhani. Darubini iko huko juu, mbali kuliko mwezi, inapokea mwanga wa nyota. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo sana hupenya kwenye hewa ya sayari ile, na kila gesi iliyomo hula rangi zake. Ukiona rangi fulani zimeliwa, unajua gesi fulani ipo. Wao walikuwa watu wa kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, wakibishana kama mstari umeinama au haujainama.

Na mtu anayetamani sana mstari uiname, mbele ya macho yake utainama. Ugonjwa huo hauna chanjo, hata maprofesa unawapata. Kwa hiyo Profesa Sonal, mkuu wa kikundi, aliweka utaratibu. Sonal alikuwa mtoto wa Kisumu aliyehamia Kingsbury na wazazi wake akiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili chake hakijawahi kumwomba mtu ruhusa. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila data mpya ikija, mtu mmoja anachaguliwa kwa kura kuwa mpandikizaji. Huyo huichukua data kabla ya wengine, na kama akitaka huchomekea ndani yake dalili ya uongo, iliyotengenezwa vizuri kiasi kwamba huwezi kuitofautisha na ya kweli. Anaandika alichofanya kwenye karatasi, anaifunga kwenye bahasha, na Sonal anaifungia bahasha kwenye droo yake. Wachambuzi wanafanya kazi bila kujua. Wakimaliza na kuandika ripoti yao ambayo haitafutwa hata nukta, ndipo bahasha inafunguliwa mbele ya wote.

Kabla ya hapo mpandikizaji haruhusiwi kusema kitu. Si kwa neno, si kwa kukonyeza.

Raundi mbili zilizopita walipata dalili, na mara zote mbili ilikuwa ya kupandikizwa. Mara ya kwanza Firoz alishampigia baba yake simu, na mzee akawa ameshanunua sanduku zima la mithai, vile vitamu vya Kihindi, Kingsbury Road na kugawa kwa majirani. Tangu siku hiyo kikundi kizima kiliota sugu. Wakiona dalili, walicheka.

Restuta hakutaka kuamua kwa moyo wake, kwa hiyo alitumia dadu. Alikaa jikoni kwao Tottenham siku moja asubuhi, akachukua dadu ya ludo ya mama yake mdogo, Gaudensia, ambaye aliishi naye. Akajiwekea sharti: moja mpaka nne, napandikiza, tano na sita, naiacha data kama ilivyokuja. Akarusha. Dadu ikagonga chupa ya mafuta na kusimama kwenye sita. Akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa SIKUPANDIKIZA CHOCHOTE, akafunga, akasaini juu ya gundi, akampelekea Sonal. Alijiona mjanja kweli. Alidhani kutofanya kitu ndiyo siri nyepesi kuliko zote, na akasahau habari yenyewe kwa miezi mitatu.

Jumatatu ya pili ya Juni, kwenye kikao cha asubuhi, Lusajo akaonyesha mchoro.

Lusajo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwaka wa tatu, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole wa sauti, na aliyekuwa mchambuzi mkuu wa raundi ile. Sayari yenyewe ilikuwa ya kumi na saba kwenye orodha yao na walikuwa wakiiita hivyohivyo, Kumi na Saba. Mstari wake ulikuwa umeinama mahali pawili. Pote pawili palikuwa pa gesi moja, gesi ambayo huku kwetu duniani hutolewa na vijidudu vya baharini, na hakuna kitu kingine kinachoitoa kwa wingi.

"Nimeirudia mara nne," Lusajo alisema. "Haiondoki."

"Ni nzuri," Firoz akasema. "Hongera, Restuta. Kazi safi."

Wote wakacheka, hata Sonal. Lusajo naye akacheka. Restuta alifungua mdomo acheke, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa na chai. Maana katika chumba kile chenye watu saba, ni yeye peke yake aliyejua kwamba hakuna mtu aliyeiweka dalili ile pale.

Haikuwa lazima iwe uhai. Huenda ilikuwa kosa la kifaa, huenda ni gesi nyingine inayofanana, huenda ni nyota yenyewe na madoa yake. Lakini haikuwa mchezo. Alitoka kwenye kikao, akaenda chooni, akakaa juu ya kifuniko akajikuna shingo.

Siku hiyo hiyo mchana ndipo alipoelewa ubaya wa jambo lenyewe. Darubini ile haigeuki kila upande kila siku. Kumi na Saba ingeonekana wiki nne tu zaidi, kisha ingejificha mpaka Februari. Kikundi kilikuwa na haki ya kuomba saa za dharura za kutumia darubini mara moja tu kwa mwaka, na mlango wa maombi ungefungwa Ijumaa saa sita mchana. Mwenye uamuzi wa kuomba alikuwa Lusajo, kwa kuwa ndiye mchambuzi. Na bahasha ingefunguliwa Jumanne baada ya hapo, kwa sababu ripoti ya pili ya kuhakiki isingekamilika kabla ya Jumatatu.

Lusajo alikuwa na sayari nyingine, ya Tisa, ambayo tasnifu yake nusu ilisimama juu yake. Nayo ilihitaji saa. Mtu mwenye akili zake atatupaje ombi moja la mwaka kwa dalili anayoamini ni mzaha wa mwenzake?

Restuta alifikiria kwenda kwa Sonal kuomba bahasha ifunguliwe mapema. Alifika mpaka mlangoni, akarudi. Nani anayeomba bahasha ifunguliwe mapema, kama si yule anayejua kuna sababu? Kuomba kungekuwa kusema. Alifikiria kumwandikia Lusajo kikaratasi. Akamwona akilini mtu wa nje, kutoka chuo kingine, akiuliza kwenye mkutano mbele ya mamia: mlijuaje? Na akiambiwa mchambuzi alidokezwa, angekunja daftari lake na kuondoka. Hata kama kule kuna bahari iliyojaa vijidudu vinavyopumua, hakuna ambaye angewaamini tena. Kila njia aliyoigeukia ilikuwa na mdomo.

Basi akaamua kujificha. Jumanne alikula chakula chake ngazini. Jumatano alimwona Lusajo anakuja kwenye korido, akaingia chumba cha mashine ya kuchapia akajifanya anatafuta karatasi, na mashine yenyewe ilikuwa imeharibika tangu Mei. Ovyo kabisa. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenye shahada tatu, amebana nyuma ya mashine mbovu.

Jioni ile, jua la Juni likiwa bado liko juu ya mapaa ya Tottenham, Gaudensia alirudi kutoka kazini kwenye makao ya wazee na kumkuta amekaa mbele ya sahani ya ndizi ambayo haijaguswa.

"Wewe mtoto unaumwa?"

"Hapana, mama mdogo. Ni kazi."

"Hao wadudu wenu wa angani wamefanya nini tena?"

Restuta akacheka kidogo, kisha akauliza, akichagua maneno kama anayepita kwenye tope: "Hivi kule kazini kwenu, ukijua jambo la mgonjwa ambalo huruhusiwi kuwaambia ndugu zake, unafanyaje?"

Gaudensia alivua viatu vya kazi na kujikanda kisigino. "Mbona yapo mengi. Mimi sio nesi, mimi carer, mtunza wazee tu. Naona mzee anaenda, lakini siruhusiwi kusema. Mtoto wake anakuja Jumapili, anatazama saa, anataka kuwahi parking. Ananiuliza, how is he? Nifanyeje?"

"Unafanyaje?"

"Namwambia, kaa naye kidogo. Na huyu wa chumba cha pili ambaye baba yake atatuzika sisi sote, naye namwambia, kaa naye kidogo. Wote neno moja. Hakuna atakayesema Gaudensia kaniambia siri. Kula chakula, kinapoa."

Restuta alikula. Alikula kweli, mpaka akaongeza. Akalala akiwa na ahueni ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi saa nne, wakati wa chai, wote wakiwa wamesimama kuzunguka birika, akakohoa. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi njiani, kwamba angependa kuwakumbusha wote, raundi hii na raundi zote, kwamba kwa mujibu wa utaratibu kila dalili ishughulikiwe kama ya kweli mpaka bahasha ifunguliwe, na mwenye maombi ya kutuma ayatume kwa kuzingatia hilo. Alisema akimtazama kila mmoja kwa muda uleule. Alihesabu moyoni: moja, mbili, anahamia kwa mwingine.

Birika likabofya.

"Mpandikizaji gani anasema hivyo?" Firoz akauliza huku akicheka. "Wa mwaka jana alikaa kimya kama kaburi. Huyu anatubembeleza tusikasirike Jumanne."

Wakacheka tena. Lusajo hakucheka. Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari, akamtazama Restuta, kisha akatazama shingo yake.

Jioni walijikuta kwenye behewa moja la Victoria line. Restuta alikuwa amesubiri treni mbili zipite ili asikutane naye, kumbe na yeye alikuwa anasubiri. Lusajo aliishi Seven Sisters, kituo kimoja kabla ya kwao. Walisimama wameshika chuma kimoja, watu wamewabana.

"Dada Restuta," alisema, "naomba usinikwepe tena. Inatosha."

"Sikukwepi, mdogo wangu."

"Unanikwepa tangu Monday. Nimekaa nikafikiria, nikaelewa. Unaona huruma. Umeitengeneza ile signal, umeitengeneza vizuri mno, na sasa unaniona ninavyohangaika nayo roho inakuuma. Na leo ukaja na ile speech yako." Alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la upole kabisa, ndiyo maana lilimuumiza Restuta. "Mimi sina kinyongo. Ndiyo kazi uliyopewa. Kesho natuma maombi ya Tisa. Form nimeshajaza, bado kubofya tu. Nilitaka ujue ili usibebe mzigo wa bure."

Treni ikapita Finsbury Park. Restuta alitaka kusema utaratibu unasema… Alitaka kusema kila dalili ni… Alifungua mdomo. Aliona Ijumaa saa sita, aliona Februari, aliona kitu ambacho watu wamekitafuta tangu walipoanza kutazama juu kikiteleza na kwenda zake kwa sababu yeye, Restuta, amezaliwa na uso usiofaa na mwenzake ameusoma kichwa chini miguu juu. Alijikaza kisabuni. Alitazama tangazo la dawa ya meno juu ya dirisha, akalisoma lote, akalirudia.

Machozi yakamtoka hata hivyo. Hayakuwa mengi. Yalikuwa mawili, matatu, ya hasira kuliko ya huzuni, na alipojaribu kuyafuta treni ikayumba, mkono ukapiga miwani, ikawa tamasha.

Lusajo akaacha kutabasamu. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama michoro yake, kichwa kimeinama upande. Restuta aliona kitu kikibadilika machoni pake. Watu hawalii hivyo kwa ajili ya mzaha.

"Seven Sisters," sauti ya treni ikasema.

Lusajo akashuka bila kuaga. Milango ikafungwa.

Ijumaa asubuhi Restuta alifika kazini saa mbili kasoro na hakufanya kazi yoyote. Meza ya Lusajo ilikuwa upande wa pili wa chumba, nyuma ya kizuizi cha kitambaa, na alichoweza kuona ni nywele zake tu. Saa tatu nywele zilikuwepo. Saa nne ziliinuka, zikaenda kwenye chai, zikarudi. Saa tano Restuta alishindwa kukaa, akaenda akanawa uso, akarudi akanawa tena. Alimwomba Mungu. Kisha akashangaa anaomba nini: kwamba Lusajo awe amemwelewa, au kwamba awe hajamwelewa? Akiwa amemwelewa, ombi litatumwa na utaratibu umevunjika. Akiwa hajamwelewa, utaratibu umesimama na sayari imepotea. Hakukuwa na sala ya katikati, kwa hiyo akaishia kusema Bwana, unajua mwenyewe.

Saa sita kamili ilipita. Hakuna kengele iliyolia. Lusajo aliinuka, akavaa koti, akaenda kula. Hakusema ametuma nini na Restuta hakuuliza.

Siku tatu zile sitazisimulia. Alikwenda kanisani Peckham na mama mdogo, akasimama wengine wakikaa, akakaa wengine wakisimama.

Jumanne saa nane mchana walikusanyika ofisini kwa Sonal. Ripoti zote mbili zilikuwa mezani: ya Lusajo, na ya wahakiki. Zote zilisema dalili ipo. Sonal alifungua droo, akatoa bahasha, akawaonyesha saini juu ya gundi.

"Haya. Nani anataka kulia leo?" akasema, maana ndivyo alivyosema kila mara. Akapasua.

Alisoma. Akaigeuza karatasi kutazama nyuma, kama kuna maneno mengine yamejificha huko. Akavua miwani.

"Restuta. Hii ni nini?"

"Ni kama ilivyoandikwa, Prof."

"Hukuweka kitu?"

"Sikuweka kitu."

Firoz ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele, kisha wote, mtu akagonga kikombe kikavunjika na hakuna aliyejali. Sonal alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkono umeziba mdomo. "Na masaa?" akauliza ghafla, furaha ikimkauka usoni. "Lusajo, ile application! Uliomba ya nini? Tafadhali usiniambie ni Tisa."

"Niliomba ya Kumi na Saba," Lusajo akasema. "Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane. Wamejibu leo asubuhi. Wametupa saa ishirini."

Hapo ndipo vifijo vikawa vya ajabu. Firoz alimbeba Lusajo, akashindwa, akamweka chini. Na katikati ya vifijo vile Sonal, ambaye hata furaha haikumsahaulisha utaratibu, akavuta fomu ya kiapo kutoka kwenye faili. Ilikuwa ya mistari michache. Mchambuzi anaapa kwamba kabla ya bahasha kufunguliwa hakupokea ishara yoyote kutoka kwa mpandikizaji. Mpandikizaji anaapa kwamba hakutoa. Bila fomu ile, hakuna jarida lolote linaloijua kazi yao ambalo lingewapokea.

Lusajo alichukua kalamu akasaini. Alisaini haraka, kama anayepokea mzigo mlangoni, na hakumtazama mtu. Akamsogezea Restuta fomu na kalamu.

Restuta aliishika kalamu. Alisoma sentensi yake mara mbili. Hakuna mtu chumbani aliyejua. Hakuna atakayejua kamwe. Hakutamka neno hata moja kwenye treni ile, na angeweza kuweka mkono juu ya Biblia akasema hivyo na likawa kweli. Aliwatazama wenzake, nyuso zote zimemgeukia zinang'aa, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa wiki ile nzima, kwa sababu sasa alijua atakachofanya. Asiposaini atamfanya Lusajo mwongo mbele ya watu wote. Na Lusajo hakuwa mwongo. Alikuwa kijana aliyesaini haraka.

Akaiweka kalamu chini.

"Lusajo," alisema, "kwa nini uliomba ya Kumi na Saba?"

Firoz akatazama huku na huku akitafuta utani wa kusema, akaukosa.

"Sheria si inasema," Lusajo akaanza, "kila signal ichukuliwe kama…" Alijua hilo lingetosha. Sonal alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Restuta hakusema kitu, na safari hii uso wake pia haukusema kitu. Alimwachia nafasi, basi.

Lusajo alikaa chini. Akaipitisha mikono usoni, akatazama saini yake iliyokuwa bado haijakauka.

"Mpaka Alhamisi nilikuwa nimeamua kutuma ya Tisa," akasema. "Nilimwambia dada Restuta hivyo kwenye treni. Akalia. Hakuniambia kitu, Prof, naapa. Lakini alilia, na mimi nikaona. Kama asingelia ningetuma ya Tisa."

Akachukua kalamu akaikata saini yake kwa mstari mmoja.

Sonal alikwenda dirishani, akasimama akiangalia mabasi ya Euston Road. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mnajua maana yake?"

"Tunajua," Restuta akasema.

"Hatuwezi kuitangaza. Si kwa jina letu. Masaa tumepewa, hayo hayarudishwi, planet itaangaliwa. Lakini data hatugusi. Itaenda kwa kikundi kingine, wataanza from zero, na mpandikizaji wao. Wakiiona, ni yao." Alimgeukia Lusajo. "Three years, Lusajo. Ni yao."

Lusajo alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia sasa, bila kujificha, na Restuta alitamani kumshika bega lakini hakujua kama bado ana ruhusa. Sonal akaketi, akaigeuza fomu, akaandika nyuma yake kwa mkono, polepole: mpandikizaji alilia; mchambuzi aliona; wote wawili wamesema wenyewe. Akawapa wasaini. Wakasaini.

Wenzao walitoka mmoja mmoja, wakifunga mlango taratibu kama kwenye nyumba yenye msiba. Firoz aliokota vipande vya kikombe, na Sonal akatoka wa mwisho na fomu yake. Walipobaki wawili, Lusajo alijifuta uso kwa kiganja na kumtazama Restuta, na hapakuwa na sheria tena ya kumzuia kuuliza.

"Dada, niambie ukweli. Ipo?"

"Sijui, Lusajo," Restuta akasema. "Ninachojua ni kwamba si mimi niliyeiweka."